Mkono wa Nyuma Hauna Macho

Marahaba, wanangu, marahaba nyote wa uwanjani hapa Likoni. Salamu zenu nimezipokea. Ila leo msiniambie "Bibi tulia, Bibi kunywa maji." Maji nimekunywa na hasira iko palepale. Mmeniuliza kwa nini mtu mzima kama mimi nilimpigia Katibu wa riadha kelele mbele za watu, nami nimeona niandike, maana nikisema kwa mdomo nitatukana. Shule niliishia darasa la tano. Maneno yangu yakienda upande, yanyoosheni wenyewe mkisoma.

Kwa asiyenijua, mimi ni Kadzo, mtoto wa kibarua wa bandarini. Nimezaliwa Changamwe, nimezeekea mtaa huu wa Shika Adabu. Nimeruka viunzi na nimekimbia mbio za vijiti na jina la Kenya kifuani, katika miji mingine ambayo mpaka leo siwezi kuitamka. Siku hizo ukiwa na mbio unaajiriwa. Mimi niliajiriwa kufagia ofisi za kampuni moja, lakini ufagio wangu ulipumzika kuliko mimi, kwa sababu kila jioni Mzee Tsuma alikuwa akiningoja kiwanjani.

Mzee Tsuma alikuwa mpiga winchi ya kuinulia mizigo katika kampuni ile ile, mtu wa Rabai, mfupi, sauti kama honi ya meli. Yeye ndiye aliyesimamia timu yetu ya kazini. Vitabu vya riadha hakuwa navyo. Viunzi pia hatukuwa navyo, basi akatutengenezea: nguzo za mikoko akazichimbia ardhini, juu akapigilia mbao za makasha yaliyovunjika. Sasa nyinyi mnajua kiunzi cha haki kilivyo. Kina miguu, ukikigonga kinalala chini, wewe unaendelea na safari yako. Chetu ukikigonga kilibaki pale pale na ngozi yako juu. Nina alama kwenye ugoko huu wa kushoto, watoto wangu walipokuwa wadogo walidhani nimeumwa na mamba.

Kwa hivyo tulijifunza kupita juu sana, kama mbuzi aliyeona mahindi ya watu. Mara ya kwanza nilipopelekwa nje kushindana, kocha mmoja Mzungu alinitazama nikipasha misuli, akacheka mpaka kofia ikamwanguka. Akamwambia mkalimani, "Hebu muulize huyu, nani kamfundisha kuruka ukuta?"

Nikasema, "Mwambie kwetu kiunzi hakianguki. Anaanguka mtu."

Alicheka tena, lakini siku hiyo alinishika mguu akanionyesha. Na nawaonyesha nyinyi: kiunzi hakirukwi, kinavukwa kwa mbio zile zile. Goti mbele, kifua kilale, mguu wa nyuma uje umekunjwa upande, kama mtu anayevuka kizingiti cha mlango akiwa amebeba sinia la pilau. Ukilirusha sinia juu, umekwisha. Woga wa ule ubao wa Mzee Tsuma ulinikaa mguuni muda mrefu, nikawa navuka viunzi vya kuanguka kama ambaye atapigwa.

Sasa niambieni, nisikasirike? Leo viunzi vipo. Vizuri, vyekundu kwa vyeupe, vililetwa na wafadhili, nimeviona kwa macho yangu vikishushwa. Viko wapi? Viko stoo. Ufunguo uko kwa mtu, na mtu huyo ukimwuliza anasema vimefungiwa visipate kutu. Visipate kutu! Kitu kilichotengenezwa kigongwe na kianguke kinafungiwa kama dhahabu ya bibi harusi, na huko ndani kwenye unyevu ndiko kutu inakokila. Nanyi mnaruka matairi ya gari.

Na enzi zangu wengine walitaka kunifungia mimi. Nikipita na kaptura yangu kwenda mazoezini, wanaume waliokaa barazani walikuwa wakiniita, "Wee Kadzo! Hivyo viunzi vitakuharibu kizazi!" Hata mchungaji aliwahi kumwambia mamangu hivyo, kwa upole, akinywa chai yetu. Nimezaa watano. Wote walitoka wenyewe, hakuna aliyeruka kitu. Nilikuwa nikipeleka kila mtoto kwenye ile baraza nikawaambia, "Mwambieni shikamoo babu aliyesema hamtazaliwa."

Lakini nimetoka njiani. Nilitaka kusema habari ya kijiti.

Nyumbani kwa rafiki yangu Kache, kule Chaani, mamake alikuwa na kinu kikubwa. Mahindi ya kukoboa yalitwangwa na watu wawili, kinu kimoja, michi miwili, mmoja akiinua mwenzake anashusha. Mimi na Kache tulitwanga hivyo tangu mikono yetu haijashika mchi vizuri. Aliyezoea haangalii mchi wa mwenziwe. Unaangalia mbali, unapiga hadithi, unacheka, na mchi unashuka mahali ulipotoka mwingine. Ukianza kuangalia tu, michi inagongana na kidole cha mtu kinaumia.

Siku moja Mzee Tsuma alipita pale kuulizia kwa nini tumechelewa mazoezi. Akatukuta tunatwanga. Akasimama, kofia mkononi. Kisha akapiga kelele, "Hiyo! Hiyo ndiyo!"

Mamake Kache akatoka jikoni. "Mwalimu, ndiyo nini? Wataka unga au wataka watoto?"

"Nataka hicho wanachokifanya!"

Basi kuanzia siku hiyo hatukushika kijiti kabla ya kutwanga. Wasichana wanne wa timu yetu, wawili wawili, mpaka masikio yajuane. Maana mbio fupi za kupokezana, zile za mita mia kila mtu, anayepokea hageuki. Anaona mwenziwe amefika alama yake, anaondoka kwa nguvu zake zote, na mkono wake unakwenda nyuma ukisikia sauti. Mkono wa nyuma hauna macho. Una sikio. Unasikia miguu, unasikia pumzi, unasikia "Hee!" ya mtu mmoja unayemjua. Kache alikuwa wa tatu, mtu wa kona, mimi wa mwisho. Kiganja changu cha kushoto kilitazama juu, naye alikiweka kijiti kwa kushusha, kama mchi. Hatukuwahi kukiangusha. Mbio za mtu mmoja mmoja tulikuwa na wenzetu wengi waliotushinda, lakini kwenye kijiti tuliwapita watu waliokuwa wamesimama wakitafutana mikono.

Kijiti hicho kilitupeleka ng'ambo, timu nzima ya taifa ya kupokezana tukiwa sisi wanne. Tukafika fainali. Asubuhi ya fainali, kiongozi mmoja wa msafara akaja na msichana mwingine, mkimbiaji hodari wa mita mia, mtoto wa watu wakubwa, akasema, "Huyu atakimbia wa tatu. Kache apumzike."

Kache akauliza, "Mimi nimechoka?"

"Huyu ana kasi kukushinda."

Mimi nikasema hatujawahi kupokezana na huyu hata mara moja. Akanijibu, na maneno yake bado yananiwasha: "Wewe dada wa Pwani, kazi yako kukimbia. Kufikiri tuachie sisi."

Tukakimbia. Yule msichana alikuja kwa kasi kweli, simlaumu, hakuna aliyemwambia kitu. Yeye kwao walimfundisha kukiinua kijiti kutoka chini. Kiganja changu kinatazama juu kinangoja kitu kishuke. Kijiti kikanigonga nyuma ya mkono, kikalia chini kama kijiko. Na nani aliyeandikwa? Nani aliyetangazwa redioni kuwa kaangusha kijiti cha Kenya? Kadzo! Nilirudi Changamwe, hata muuza samaki ananipa samaki kwa mikono miwili, "Shika vizuri, dada, kisianguke." Kache hakuvaa tena viatu vya misumari. Aliolewa Kaloleni. Namtembelea, tunakula, tunacheka, lakini jambo hilo hatulitaji mpaka leo.

Sasa mnaelewa nilikuwa na moto gani Katibu alipomwonea Saumu.

Saumu mnamjua nyote, lakini huenda wengine wanaosoma wako mbali. Ni mtoto wa hapa Shika Adabu, mkimya, mtandio umebanwa vizuri, anakimbia kona kana kwamba amezaliwa kwenye kona. Kwa mbio za kunyooka kuna wanaomshinda. Yeye ndiye wa tatu wetu, na wa mwisho ni Akinyi, binti wa dereva wa trela pale Changamwe, mdomo mrefu kama wangu. Wawili hao nimewatwangisha kinu changu mwenyewe, wakanilalamikia malengelenge. Walipokuwa tayari, wao na wenzao wawili walishinda Pwani nzima, na wakaambiwa watakwenda Nairobi kwa mashindano ya taifa.

Mamake Saumu, muuza mahamri, hakutaka mwanawe akimbie. Nilimwendea nyumbani kwa hodi na kwa adabu, nikakaa mkekani. Akanipa ruhusa kwa sharti. "Kadzo, nimekupa mtoto. Wallahi, siku watakapomdhalilisha namchukua, na uwanjani harudi tena." Nikasema sawa. Huyo mama hasemi kitu mara mbili.

Basi Jumanne, siku mbili kabla ya basi kuondoka, anakuja Katibu wa riadha wa upande wetu huu. Suti ya michezo mpya, filimbi shingoni ambayo sijawahi kuisikia ikilia. Nyuma yake msichana mrefu wa shule moja ya Nyali. Hakunivuta kando, hakumvuta Saumu kando. Alisimama katikati ya uwanja, watu wametuzunguka, akasema kwa sauti, "Saumu umetoka. Tasha ataingia."

Saumu alienda akakaa pembeni, akakumbatia viatu vya wenzake walivyomwachia.

Nikamwendea Katibu. "Shikamoo Bibi," akasema.

"Marahaba. Kosa lake mtoto ni lipi?"

"Hana kosa. Nimepima muda, Tasha ana kasi zaidi. Saa haina undugu, Bibi."

"Saa imewahi kupokea kijiti?"

Watu wakacheka. Akakunja uso. "Bibi Kadzo, enzi zenu zilikuwa enzi zenu. Na tusikumbushane nani aliangusha nini."

Hapo ndipo niliposikika mpaka kivukoni. Nilimwambia mambo ambayo siwezi kuyaandika, na mengine nilimwambia kwa Kigiriama ili Mungu anisamehe kwa sababu ya lugha. Nilimwambia wawakimbize wote wawili, kwanza Saumu, kisha Tasha, kijiti kiamue. Akasema hana wakati. Ana wakati wa kumtoa mtoto wa mtu, hana wakati wa kumtazama!

Wasichana wakajipanga na Tasha mahali pa Saumu. Yule mtoto, ili niseme haki, ana adabu. Alinijia akasema, "Bibi, mi sijawahi fanya hii ya kijiti. Niliambiwa tu nikuje." Nikamwonyesha mkono, haraka haraka, namna ya kushusha. Dakika chache zitafanya nini?

Mara ya kwanza alikuja kama upepo, akamkanyaga Akinyi kisigino. Mara ya pili Akinyi aliondoka mapema ili asikanyagwe, wakapishana, Tasha akabaki ananyoosha kijiti kwa hewa. Mara ya tatu kikaanguka. Nami moyo wangu ukaanguka nacho, maana sauti ya kijiti kikianguka kwenye ardhi ngumu naijua kuliko sauti ya jina langu.

Katibu akapiga kelele, "Akinyi! Angalia nyuma!"

Wanangu, hakuna neno baya kuliko hilo katika kazi yetu. Anayeangalia nyuma kwenye mbio hizo amesimama. Nilitaka kumjibu, lakini Akinyi alinitangulia. Alirudi kwenye alama yake, akangoja. Tasha akaanza kuja. Akinyi akaangalia nyuma, kama alivyoambiwa. Kisha akakaa chini. Pale pale kwenye njia, akakunja miguu kama aliye kwenye mkeka.

"Wewe! Nini hicho?" Katibu akasema.

"Nimeangalia nyuma, Mzee. Nimemwona Saumu amekaa. Basi na mimi nimekaa."

"Utabaki nyumbani!"

"Nyumbani nina kiti changu."

Wa kwanza akatoka kule mwanzo wa mbio akaja akakaa. Wa pili akaja akakaa. Tasha alisimama katikati yao na kijiti mkononi, akaangalia huku na huku, akasema, "Hata mi nimechoka kukimbiza mtu hanijui," naye akakaa. Mimi magoti hayaniruhusu kukaa chini, ningekaa nisingeinuka, kwa hivyo nilisimama kwa niaba ya wote.

Katibu akatoa simu, akaenda kuzunguka nayo. Angempeleka nani Nairobi, suti yake? Aliporudi alikuwa na tabasamu la kununua dukani. "Nimeshauriana, na nimeamua kwa hekima kwamba Saumu arudi."

Kwa hekima! Nusura nipasuke. Lakini kabla sijafungua mdomo nikaona leso ninayoijua ikivuka uwanja. Habari ilikuwa imefika kwa mamake Saumu. Hakumwamkia mtu. Alikwenda moja kwa moja kwa mwanawe, akamshika mkono. "Inuka. Twende zetu."

Saumu akainuka. Machozi yanamtoka, lakini aliinuka, kwa sababu ni mtoto aliyelelewa.

Nikamwita, "Mamake Saumu, ngoja."

"Kadzo, tuliagana kwa sharti."

"Tuliagana, na sikatai. Ila aliyemvunjia heshima si mimi. Mtu huyo yuko hapa, na ana mdomo."

Akageuka akamtazama Katibu kuanzia viatu. Katibu akasema, "Mama, mambo yamekwisha, tumemrudisha, hakuna neno."

"Ulimtoa wapi?" mama akauliza, taratibu kabisa.

"Kwenye timu."

"Nakuuliza ulimtoa wapi. Chumbani? Ofisini?"

Katibu akaishika filimbi yake.

"Ulimtoa hadharani. Mrudishe hadharani."

Hata wavulana waliokuwa wakicheza mpira walisogea karibu. Katibu akakohoa, akasema chini chini kwamba Saumu yumo kwenye timu.

"Sijasikia," akasema mama.

Mtu akacheka huko nyuma. Katibu akapandisha sauti. "Saumu ni mkimbiaji wa tatu wa timu ya Pwani!"

"Na?"

Katibu akainamisha kichwa. "Na... mama, niwie radhi. Nawe binti, niwie radhi."

Sote tulikuwa tukiuangalia ule mkono wa mama uliomshika mtoto, kwa sababu mbio zote za Saumu, za Nairobi na za maisha, zilikuwa ndani ya mkono huo. Kisha mama akamwachia. Akamrekebisha mtandio nyuma ya shingo, akamwambia, "Haya. Nionyeshe hicho kitu mnachogombania."

Tasha akampa Saumu kijiti kwa mikono miwili. Akinyi akajipangusa vumbi, akaenda kwenye alama yake, akainama mbele, uso kwenye njia yake, mgongo kwetu. Saumu akaichukua kona. Alikimbia akilia, nami sijapata kuona kona ikichukuliwa vile. Alipofika alama Akinyi akaondoka, wote wawili wanaruka sasa, ikatoka ile "Hee!" na mkono wa kushoto ukaenda nyuma umefunguka, na kijiti kikashuka ndani yake. Hata haukutikisika.

Mamake Saumu alikuwa ameziba mdomo na ncha ya leso. Hajawahi kuja kumtazama mwanawe, hata siku moja. Akinyi aliporudi anahema, akamsimamisha.

"Mwanangu, wewe hukugeuka. Umejuaje kama yupo?"

Akinyi akavuta pumzi. "Yupo siku zote, mama."

Mama akaitikia kwa kichwa, akaenda kumfuta mwanawe jasho. Nami nikamtafuta Katibu kwa macho, maana alikuwa ameanza kuondoka polepole, na sikuwa nimemaliza naye: ufunguo wa stoo ya viunzi ulikuwa bado kwake.